Kabla ya kujenga mnara Gangilonga, tuisome historia ya minara ya Bismarck

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza, katika ukurasa huu wa barua, kwamba sisi wakazi wa Iringa tuchange fedha tujenge mnara mrefu wa mawe juu ya mwamba wa Gangilonga kwa heshima ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alitoa mfano wa Ujerumani, ambako alisema miji mingi ina mnara wa ukumbusho kilimani, na akauliza kwa nini wao waweze na sisi tushindwe. Nia yake ni njema na sina ugomvi nayo. Mfano alioutoa ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa sababu minara hiyo inatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko anavyodhani, na mtu akiifuatilia historia yake mpaka mwisho hawezi kutamani kuiiga.

Nichukue mmoja tu kati ya hiyo, ule wa Göttingen, mji wa chuo kikuu ulio katikati ya Ujerumani. Upande wa mashariki wa mji kuna mlima wenye msitu uitwao Hainberg, na juu ya kilele chake kimojawapo, Kleperberg, umesimama mnara wa mawe wenye urefu wa mita 31. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1892 na mnara ukafunguliwa mwaka 1896. Anayekumbukwa hapo ni Otto von Bismarck, aliyezaliwa mwaka 1815, mwanasiasa wa Prussia aliyeziunganisha nchi za Kijerumani kwa vita na kwa diplomasia, kisha akawa Kansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani mwaka 1871. Göttingen ilikuwa na sababu yake ya kujivunia, kwa kuwa Bismarck aliwahi kusoma sheria hapo kati ya mwaka 1832 na 1833. Hakuwa mwanafunzi wa mfano. Alipenda pombe na mapigano ya panga kuliko mihadhara, chuo kikamfungia zaidi ya mara moja katika chumba chake cha adhabu, na kile kijumba cha mviringo alichopanga kwenye ukuta wa zamani wa mji kinaonyeshwa kwa wageni hadi leo. Sisi tuliowahi kufundisha hatuwezi kusoma habari hizo bila kutabasamu, tukiwakumbuka wale vijana wa dawati la nyuma ambao baadaye tuliwaona wakishuka kwenye magari ya serikali.

Mlima wenyewe nao una kisa chake. Katikati ya karne ya kumi na tisa Hainberg ilikuwa kipara, imebaki mawe ya chokaa na majani ya malisho, mpaka meya wa mji, Georg Merkel, alipoanzisha kazi ya kuupanda miti katika miaka ya 1870. Kwa hiyo mnara ulijengwa juu ya mlima wenye miti michanga, na leo miti hiyo imekua hata anayetaka kuuona mji hana budi kupanda ngazi mpaka juu. Nikiulizwa, kati ya meya yule na Kansela, ni nani aliyewaachia watu wa Göttingen ukumbusho wenye manufaa zaidi, sitachukua muda kujibu.

Jambo ambalo mwenzangu hakulitaja ni kwamba mnara huo ulianza kujengwa Bismarck akiwa bado hai na akiwa amefukuzwa kazi. Kaisari Wilhelm wa Pili alimwondoa madarakani mwezi Machi mwaka 1890, na mzee akarudi shambani kwake Friedrichsruh, karibu na Hamburg, akaendelea kuisema serikali mpya kupitia magazeti. Katika hali hiyo, kumchangia mnara mtu aliyefukuzwa na mfalme ilikuwa pia namna ya kumwambia mfalme jambo ambalo raia mwenye adabu hakuweza kulitamka hadharani. Nionavyo mimi, minara mingi ya ukumbusho iko hivyo: jina lililochongwa ni la marehemu, na ujumbe ni wa walio hai kwa walio hai wenzao.

Bismarck alifariki tarehe 30 Julai 1898. Mwezi Desemba mwaka huohuo vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani vikatoa wito kwamba kila mahali pawepo nguzo ya mawe kwa heshima yake, na juu ya kila nguzo uwashwe moto, ili katika usiku maalumu, mathalani siku ya kuzaliwa kwake tarehe 1 Aprili, mioto ionekane kutoka kilima hadi kilima nchi nzima. Mwaka 1899 yakafanyika mashindano ya wasanifu majengo. Aliyeshinda alikuwa kijana Wilhelm Kreis, ambaye michoro yake ilizoa zawadi zote tatu za kwanza, na mmoja kati ya hiyo ukajengwa mara 47 katika miji mbalimbali, ukiwamo ule uliosimama tangu mwaka 1904 juu ya kilima cha Gähkopf kuutazama mji wa Stuttgart. Ukijumlisha na minara ya michoro mingine, iliyojengwa kwa heshima ya mtu huyu mmoja ilifika karibu 240. Ile ya Kreis ilikuwa mizito na ya pembe nne, kwa makusudi haina mapambo mengi, mara nyingi nembo ya ukoo wa Bismarck au jina lake tu, na juu kabisa karai kubwa la kuwashia moto. Fedha kwa sehemu kubwa zilikuwa michango ya watu, si ya hazina ya serikali, na hapo ndipo mwenzangu anaposema kweli kwamba Wajerumani walijua kuchanga.

Sasa tuurudie mwezi ule wa Julai mwaka 1898, maana hapo ndipo historia yao na yetu zinapokutana. Tarehe 19 Julai, siku kumi na moja kabla ya Bismarck kufa kitandani kwake akiwa na umri wa miaka 83, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi, baada ya kuwindwa porini kwa karibu miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ilipovunjwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Kikosi cha Sajenti Merkl kilipoukuta mwili, kichwa kilikatwa kikapelekwa kambini Iringa, na kutoka hapo kikaingia katika safari ambayo watu wa Uhehe hawakuambiwa mwisho wake kwa zaidi ya nusu karne. Wakati wanafunzi wa Ujerumani wanaandika wito wao wa kuwasha mioto milimani, mwili wa kiongozi wetu ulikuwa kaburini bila kichwa.

Mtu anaweza kusema kwamba Bismarck hakuwahi kukanyaga Uhehe, na kwamba mwaka 1898 alikuwa ameshaondoka madarakani miaka minane. Ni kweli. Tena kwa muda mrefu hakuwa na hamu na makoloni. Mwaka 1888 alimwambia msafiri mvumbuzi mmoja aliyemwonyesha ramani ya Afrika kwamba ramani yake yeye ya Afrika iko Ulaya, kati ya Urusi na Ufaransa. Hata hivyo ni yeye aliyeitisha Mkutano wa Berlin uliofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 katika makazi yake ya ukansela, na siku moja tu baada ya mkutano huo kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, serikali yake ilimpatia Carl Peters hati ya ulinzi iliyotiwa saini na Kaisari, kwa nchi ambazo Peters alidai amezipata kwa mikataba huko Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Usagara ni jirani yetu wa kaskazini mashariki. Hati ile ndiyo mlango walioingilia wote waliofuata, akiwamo kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski aliyekuja na safu yake ya askari hadi Lugalo. Kwamba mwenye hati hakuwa na hamu kubwa na nchi aliyoitolea hati, hilo halikumpunguzia mtu wa Kalenga chochote.

Na haya hayakuandikwa kwenye minara. Dosari yake kubwa, machoni pangu, ndiyo hiyo: ni majengo makubwa mno yanayosema machache mno. Kwa kuwa hayaelezi kitu, kila kizazi kilichofuata kiliyatumia kilivyotaka. Wakati wa Kaisari yalikuwa mahali pa kuimba nyimbo za taifa. Baada ya kushindwa mwaka 1918 yakawa mahali pa kuomboleza ukubwa uliopotea, na Wanazi nao hawakuona taabu kuyarithi. Kreis mwenyewe, aliyeanza na karai za moto za Bismarck, mwaka 1941 alikabidhiwa usanifu wa makaburi ya kijeshi ya utawala wa Hitler. Baada ya mwaka 1945 baadhi ya minara ilibomolewa, na mingine ikajikuta nje ya Ujerumani, kama ule wa Szczecin ambao leo uko Poland. Iliyosalia kwa jumla ni zaidi ya 170, na watu huipanda siku za mapumziko kwa ajili ya mandhari. Karai hazijulikani zilikuwa za nini isipokuwa kwa wachache wanaosoma vibao. Mtoto wa Göttingen anaweza kupanda ngazi zile, akaitazama paa ya nyumba yao, akala mkate wake, akashuka bila kujua kwamba jina la mnara lina uhusiano wowote na mtoto wa Kalenga.

Sisemi haya kuwabeza Wajerumani, kwa sababu wapo miongoni mwao walioliona tatizo hili mapema. Huko Göttingen kulikuwa na ukumbusho mwingine, wenye sanamu ya tai juu yake, kwa ajili ya wanajeshi wa Kijerumani waliokufa katika vita vya kuwaangamiza Waherero huko Namibia. Mwaka 1978 watu wasiojulikana walimng'oa tai yule usiku, na nguzo ikabaki haina kitu juu. Sikubaliani sana na njia hiyo, ingawa naielewa. Bremen walifanya vizuri zaidi. Mji huo una tembo mkubwa wa matofali mekundu aliyezinduliwa mwaka 1932 kuwaenzi wanajeshi wa makoloni. Hawakumbomoa. Mwaka 1990 walimtangaza rasmi kuwa ukumbusho wa kupinga ukoloni, wakaweka maandishi yanayoeleza alikuwa nani na sasa ni nani, na mwaka 1996 Rais Sam Nujoma wa Namibia alifika pale kuzindua bamba la kuwakumbuka waathirika wa nchi yake.

Bremen naitaja kwa sababu nyingine pia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita miaka thelathini, na Wajerumani wakashikilia kwamba hawajui liliko. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako yalikuwapo mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya yale yaliyotoka Afrika Mashariki likachaguliwa moja ambalo vipimo vyake vililingana na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai. Mafuvu elfu mbili kwenye rafu za mji mmoja! Fuvu hilo likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, Kalenga, mwaka 1954. Wote tunajua kwamba Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Ningependa kila mwanafunzi wa Iringa akijue kisa hiki chote, pamoja na sehemu yake ya vipimo, kwa sababu kinaonyesha ni kwa ushahidi wa aina gani mzee wetu alirudi nyumbani.

Hivi ndivyo ninavyofika kwenye jibu langu. Kumbukumbu za Mkwawa tunazo tayari, ila zimetawanyika na hazielezwi inavyopasa. Fuvu liko Kalenga, mwili uko Mlambalasi kwenye njia ya kwenda Ruaha, na uwanja wa ushindi wake uko Lugalo, mashariki ya mji, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, safu ya Zelewski ilikuwa ikipita kwa mstari mrefu kati ya mawe na vichaka, na Wahehe walikuwa wamejificha kwenye mteremko karibu kiasi kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua risasi zaidi ya moja au mbili kabla ya mikuki kuwafikia. Kwa dakika chache Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa amekufa pamoja na Wazungu wenzake tisa hivi, askari wapatao 250 na wapagazi karibu 100. Bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu ikabaki mikononi mwa washindi.

Na pale Lugalo, mwandishi mwenzangu, mnara upo. Ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na watu wake. Malori yanaupita mchana na usiku, abiria wa mabasi hawageuzi shingo, na anayesimama kuutazama anaukuta ukiwakumbuka walioshindwa. Haukujengwa kwa ajili ya Wahehe walioanguka siku hiyo wakiilinda nchi yao, wala kwa ajili ya wapagazi, ambao hawakuwa na bunduki na ambao wengi wao hawakuwa na hiari ya kuwa pale. Inawezekanaje tuanze kuchanga fedha za mnara mpya juu ya Gangilonga wakati katika uwanja wa ushindi wetu wenyewe jiwe linaloongea ni la mgeni peke yake?

Gangilonga yenyewe haihitaji kuongezewa urefu. Anayepanda jioni anauona mji wote, Bonde la Ruaha Mdogo na milima ya mbali, na wazee husimulia kwamba Mkwawa alipenda kukaa pale kutafakari. Ukiweka juu yake nguzo ya saruji ya mita thelathini, utakuwa umefunika kile kile unachotaka kukienzi, kama mtu anayeivisha kilemba sura nzuri mpaka machoni. Tena baada ya miaka hamsini vijana watapanda kwa ajili ya picha, na wachache watauliza mnara ule ni wa nani.

Ninachopendekeza ni kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi. Kwanza, mnara wa Zelewski uachwe ulipo, na kando yake liwekwe jiwe la pili lenye maandishi ya Kiswahili na Kihehe, yanayoeleza nini kilitokea siku ile, ni nani walikuwa wakipigana na kwa nini, na yanayowataja wapagazi. Maandishi hayo yaandikwe na watu wanaoijua historia, yasomwe na wazee wa ukoo kabla ya kuchongwa, na yasiwe marefu kiasi cha kumchosha abiria aliyeshuka kunyoosha miguu. Pili, Kalenga na Mlambalasi ziunganishwe kuwa ziara moja, yenye usafiri unaoeleweka na mtembezaji aliyefundishwa, ili shule zetu zisilazimike kuchagua kati ya fuvu na kaburi. Songea wametutangulia katika hili. Makumbusho ya Majimaji yana mahali pa kufikia na mambo ya kueleza, na ndiyo maana Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipotaka kuomba msamaha, tarehe 1 Novemba 2023, alikwenda huko kukutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kiongozi kama huyo akija kesho Iringa, tutampeleka wapi kwanza, na nani atamweleza?

Tatu, na hili halihitaji saruji wala kamati kubwa, yakusanywe masimulizi. Waliokuwapo Kalenga siku ya kupokea fuvu mwaka 1954, hata kama walikuwa watoto mabegani mwa baba zao, leo ni wazee wa zaidi ya miaka sabini. Vilevile zipo familia zinazojua kwamba babu yao alibeba mizigo ya Zelewski, na hazijawahi kulisema hilo kwa sauti kwa sababu kila mmoja anapenda kuwa mjukuu wa mpiganaji. Wapagazi nao ni wetu. Nawaomba wasomaji wenye masimulizi ya namna hiyo, au picha za sherehe ile, au karatasi yoyote ya zamani iliyohifadhiwa sandukuni, wazipeleke kwenye makumbusho ya Boma pale mjini zinakiliwe, kisha warudishiwe. Mwenzangu aliyependekeza mnara naye ninamkaribisha katika kazi hiyo, na mchango ambao ningeutoa Gangilonga nitautoa kwa ajili ya jiwe la Lugalo siku kamati itakapofungua daftari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Kihesa, Iringa.